Shajara: wiki tano na mchezo mmoja wa 1918

Siku ya 1, Jumamosi usiku

Nimepigwa kwa hatua kumi. Mashindano yenyewe ya chesi ni madogo tu: watu kumi na wawili kwenye ukumbi wa kuazima, dakika kumi na tano kwa kila mchezaji, zawadi ya mshindi mfuko wa mchele. Mimi nilikuwa na kete nyeusi. Naiandika aibu yangu hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa bahati mbaya. Herufi ni zile zile za programu za simu: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme ametishwa, na meti ni cheki asiyo na pa kuikimbilia. O-O ni kasilingi, mfalme na ngome kuhama pamoja kwa hatua moja. Nukta tatu baada ya namba, kama 8...d5, ni hatua ya Nyeusi.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Ba4 Nf6 5.O-O Be7 6.Re1 O-O 7.Bxc6 dxc6 8.Nxe5 Qd4 9.Nf3 Qxe4 10.Rxe4

Nikampa mkono, nikatoka nje kunywa maji.

Ngome ile ilikuwa imekaa e1 tangu hatua ya sita, na niliiona ikienda. Saa yangu ilikuwa na dakika kumi na tatu bado. Tatizo ni kwamba Qd4 na Qxe4 sikuzifikiria, nilizikumbuka. Nyeupe akila c6 mapema, hatua ya nne, halafu akadaka e5, basi Qd4 inamshika farasi na askari wa e4 kwa mpigo, na malkia anakula e4 huku akitoa cheki. Hilo ni kweli kabisa, lakini ni kweli hatua ya tano, mfalme mweupe akiwa bado e1. Mimi nimelibeba hadi hatua ya tisa, mfalme ameshafanya kasilingi na ngome inaangalia mstari mzima wa e. Wimbo ule ule, ngoma nyingine.

Mwalimu, mzee wetu aliyestaafu kufundisha hesabu na ndiye anayetunza ubao na saa za barazani, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hatua ya sita ulifanya kasilingi. Kwa nini?"

"Mfalme awe salama."

"Alikuwa na hatari gani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nitafute mchezo mmoja, mmoja tu, wa mashindano ya watu wanaojua, unaopita njia hii hii, nikae nao mpaka kila hatua niweze kuisemea. "Usiniletee video," akaongeza.

Siku ya 2

Nimeshapata. Capablanca wa Kuba dhidi ya Marshall wa Marekani, New York, 23 Oktoba 1918. Nimeuchagua kwa sababu ya kijinga lakini inayotosha: hatua tano za mwanzo ni zile zile zangu, na hatua ya sita Nyeupe anacheza Re1 kama alivyonichezea yule bwana. Tofauti inaanzia kwenye jibu.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Ba4 Nf6 5.O-O Be7 6.Re1 b5 7.Bb3 O-O 8.c3 d5

Hapo kwenye 8...d5 ndipo kinapoanza kile ambacho leo dunia nzima inakiita Shambulio la Marshall. Nyeusi anatoa askari wa e5 sadaka.

Kuna hadithi tamu kuhusu mchezo huu. Mwaka 1909 hawa wawili walikutana kwenye pambano, na kijana wa Kuba akamfunga Mmarekani michezo 8, akapoteza 1, sare 14. Inasimuliwa kwamba Marshall alikwenda kuipika hatua hii nyumbani, akaificha miaka kadhaa akimsubiri Capablanca. Wanahistoria wengi wa chesi hawaiamini. Isitoshe, wazo lenyewe la d5 lilikuwa limeshachezwa Havana mwaka 1893, mji alikozaliwa Capablanca, yeye akiwa bado mtoto wa miaka minne. Siri gani hiyo ambayo imeshatembea mtaani kwa adui? Lakini naelewa kwa nini hadithi haifi. Kila mmoja wetu ana mtu anayempikia kitu chini ya kawa.

Siku ya 4

Zoezi la kubahatisha. Nimeandika mchezo kwenye daftari, nikafunika kwa karatasi, nikakaa upande wa Nyeusi. Kila hatua naandika yangu kwanza, ndipo nashusha karatasi. Kuanzia hatua ya 6 hadi ya 20 ni hatua kumi na tano. Nimepata tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kula kilicholiwa, ambazo hata mdogo wangu angezipata.

Umeme ulikatika hatua ya 14 nikamalizia kwa tochi ya simu. Vivuli vya kete vinafanya ubao uonekane una majeshi mawili zaidi.

Siku ya 6

Siku nzima ya leo ni hatua moja: 6...b5.

Nilikuwa naiona kama hatua ya kumfukuza askofu, basi. Leo nimeuliza swali la Mwalimu: kuna hatari gani? Kabla ya 6.Re1, Nyeupe akila farasi wa c6 kisha askari wa e5, askari wake wa e4 hana mlinzi, kwa hiyo Nyeusi anarudisha deni. Mara tu ngome inapokaa e1, e4 ina mlinzi, na tishio linageuka kuwa tishio la kweli. 6.Re1 si hatua ya kujipanga tu. Ni kama mtu anayekuja kusimama mlangoni bila kusema neno. Hapo Nyeusi ana njia mbili za kawaida: amfukuze askofu kwa b5, au ailinde e5 kwa d6. Mimi nilifanya kasilingi, yaani nilifunga dirisha mwizi akiwa ameshaingia sebuleni.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya daftari: "Re1 imebadilisha nini?" Naona swali hili linafaa kuulizwa kwa kila hatua ya mpinzani.

Siku ya 9

7...O-O badala ya 7...d6. Hapa nilikwama jioni mbili. Ukicheza d6 umejenga nyumba imara lakini askari wa d ametumia zamu yake. Marshall anamwacha nyumbani ili aweze kuruka hadi d5 kwa mpigo mmoja.

Na kwa nini baada ya 8.c3 hasa? Nilizitazama kete za Nyeupe moja moja. Askari wa c3 anaandaa d4, vizuri, lakini amekaa kwenye mraba ambao farasi wa b1 angependa kukaa. Farasi yuko nyumbani, askofu wa c1 yuko nyumbani, ngome ya a1 iko nyumbani. Upande wote wa malkia umelala fofofo. Ukitaka kuvamia kijiji, huu ndio usiku wake.

9.exd5 Nxd5 10.Nxe5 Nxe5 11.Rxe5

Nyeupe amekula askari. Lakini tazama amelipa nini: farasi wa f3 ametoweka, na yule ndiye mlinzi wa h2 na mraba wa h4. Ngome imetoka peke yake hadi katikati ya ubao na itabidi irudi, yaani zamu nyingine inapotea. Capablanca mwenyewe aliandika baadaye kwamba alisita kabla ya kumla, akijua shambulio kali linakuja, ila aliona heshima yake inamtaka akubali changamoto.

Siku ya 13

Nimempelekea Mwalimu daftari. Kalisoma akinywa kahawa, hakusema kitu mpaka kikombe cha pili.

"Umemwandika Marshall kurasa sita. Nani alishinda?"

"Capablanca."

"Basi kaa upande wake."

Siku ya 16

Nimegeuza ubao. Sasa mimi ni Nyeupe, na kusema kweli ni kama mchezo mwingine kabisa.

11...Nf6 12.Re1 Bd6 13.h3 Ng4

Farasi anajitoa aliwe. Mkono wangu ulishaandika 14.hxg4 kwenye daftari. Capablanca hakula: akacheza 14.Qf3. Ukimla farasi, malkia mweusi anatua h4 na mfalme wako hana hata jirani wa kumwazima chumvi. Kwa 14.Qf3 malkia ametoka nyumbani, anamtazama farasi wa g4, anatazama f7 pamoja na askofu wa b3, na kwa ulalo anaiona ngome ya a8. Hatua moja, kazi tatu.

14...Qh4, na hapa niliandika 15.Re8 kwa furaha kubwa. Inaonekana nzuri mno! Programu ikanipa jibu: 15...Bb7, na nikiendelea 16.Rxf8+ Rxf8 17.Qxg4, najiona nimepata farasi wa bure. Kisha 17...Re8. Malkia wangu anaweza kumla malkia wake, na nikimla, ngome inashuka e1 na meti imekwisha. Nilicheka peke yangu chumbani. Ni ile ile e1, mstari ule ule wa e, sasa umegeuzwa dhidi yangu. Wiki mbili zilizopita ngome ilinila malkia hapo katikati. Leo najifunza kwamba hata kumla malkia mwenzako kunaweza kukuua.

Alichocheza yeye ni 15.d4. Askari anasogea, askofu wa c1 anafunguka. Katikati ya moto wote ule amekumbuka kutoa kete nyumbani.

Siku ya 17

Naendelea, kwa sababu hapa pamenona.

15...Nxf2. Farasi tena anajitoa. Ukimla kwa malkia, nilidhani Nyeusi anacheza 16...Bg3 na malkia amenaswa. Kumbe hapana: 17.Qxf7+ Rxf7 18.Re8 ni meti, maana ngome ya f7 imebanwa na askofu wa b3, haiwezi kurudi f8. Kwa hiyo Nyeusi lazima kwanza atoe cheki 16...Bh2+, mfalme aende f1, ndipo Bg3. Sasa malkia akila f7, ngome inamla huku ikimpa mfalme cheki kwenye mstari wa f, na Nyeupe hana nafasi ya kuingiza ile meti yake. Mraba mmoja wa mfalme, g1 au f1, ndio tofauti ya kushinda na kushindwa. Nimeirudia kwenye ubao mara nne, kila mara naona kama ni kiini macho.

Capablanca akaepuka yote hayo kwa 16.Re2. Halafu:

16...Bg4 17.hxg4 Bh2+ 18.Kf1 Bg3 19.Rxf2 Qh1+ 20.Ke2 Bxf2 21.Bd2

Anarudisha ngome, anapata askofu na farasi, na mfalme wake anaanza safari kwa miguu: e2, d3, c2. Pale c2 amezungukwa na watu wake, anapumua. Nyeusi ana malkia na askofu waliopotelea pembeni upande ambao hakuna tena wa kumshambulia. Sehemu iliyobaki, askari wa b anatembea taratibu mpaka b7, na hatua ya 36 askofu anakula f7 kwa cheki. Marshall akakubali.

Alama zangu za kubahatisha upande wa Nyeupe, hatua ya 12 hadi 22: nne kati ya kumi na moja. Naona haya lakini ni zangu.

Siku ya 20

Nilikuwa tayari kuandika kwamba Shambulio la Marshall halifai. Limeshindwa, si ndiyo? Mwaka 1918, na mwenyewe aliyelipa jina.

Ila jambo moja lilinikaa kooni: yule askofu wa b3. Ndiye aliyeibana ngome ya f7 kwenye ile meti. Ndiye aliyemaliza mchezo hatua ya 36. Nani alimpeleka b3? Nyeusi mwenyewe, kwa 6...b5. Basi kumfukuza lilikuwa kosa? Hapana, maana askofu wa b3 hana meno iwapo ulalo wake umezibwa. Na ulikuwa umezibwa! Farasi mweusi alikuwa d5, katikati ya njia, mpaka hatua ya 11 alipoondoka kwenda f6. Marshall aliufungua mlango kwa mkono wake ili apate kwenda g4.

Ndipo nikatazama wanacheza nini leo: 11...c6. Askari anamlinda farasi wa d5, farasi habanduki, askofu wa b3 anatazama ukuta. Shambulio linaendelea vile vile bila yeye: 12.d4 Bd6 13.Re1 Qh4 14.g3 Qh3, na Nyeusi ana kazi nzuri ya kufanya kwa askari mmoja aliyemtoa. Programu inampa Nyeupe nafuu ndogo, basi. Spassky aliutumia mpango huu dhidi ya Tal, wote mabingwa wa dunia kwa nyakati zao, mwaka 1965, na Peter Leko alimfunga bingwa Kramnik nao kwenye pambano la ubingwa wa dunia la 2004 kule Brissago, Uswisi. Ufunguzi uliofungwa mwaka 1918 haukuwa umekufa, ulikuwa na hatua moja mbovu.

Nilikuwa nausoma mchezo kama matokeo ya mpira. Nani kashinda, basi ndiye aliyecheza vizuri kuanzia hatua ya kwanza.

Siku ya 21 hadi 26

Kazi nyingi dukani, hesabu za mwisho wa mwezi. Nimecheza kwenye simu tu, usiku.

Siku ya 27

Sensa. Nimehesabu michezo yote niliyocheza Lichess, tovuti ya chesi, na kete nyeusi dhidi ya 1.e4 tangu mradi uanze: 31. Nimejibu 1...e5 yote. Je, mingapi imefika 8...d5?

Miwili.

Kumi na nne waliweka askofu c4 badala ya b5, ufunguzi mwingine. Sita walicheza d3 mapema, wakatulia. Watatu walikula c6 hatua ya nne (na hapo Qd4 yangu ilifanya kazi, asante). Waliobaki walicheza vitu ambavyo sijui hata majina yake, mmoja alitoa malkia hadi h5 hatua ya pili na nusura anifunge.

Nimekaa na hesabu hii kwa masikitiko kidogo. Wiki nne nimechimba kisima kwenye shamba ambalo karibu hakuna anayepita. Nilipomwonyesha Mwalimu aliuliza tu nilishinda mingapi. Kumi na saba. Wiki nne kabla ya hapo, kwa idadi ya michezo inayokaribiana, nilishinda tisa. Sijui nihesabu vipi. Nilipoipitia ile kumi na saba sikuona shambulio hata moja la Marshall, ila niliona mara nyingi nimesimama baada ya hatua ya mpinzani nikauliza imebadilisha nini. Ule wa malkia wa h5 niliuokoa hivyo.

Siku ya 36, Jumamosi

Barazani. Mwalimu amekubali kucheza nami mchezo mrefu, dakika arobaini na tano kila mmoja. Yeye nyeupe.

Hatua saba zikapita kama maji, zile zile. Nikafanya kasilingi na kumtazama usoni nikisubiri 8.c3. Kahawa yake ilikuwa imebaki nusu. Akasogeza askari wa a: 8.a4.

"Mwalimu, hiyo siyo."

"Siyo ya nani?"

Nikanyamaza. Baadaye usiku nimeona kwamba bingwa wa dunia Kasparov alipokutana na mpinzani wake Short mwaka 1993 alicheza hivyo hivyo, ili asilione kabisa Shambulio la Marshall. Wakati ule sikujua. Nilichokuwa nacho ni lile swali la kalamu nyekundu.

Imebadilisha nini? Askari wa a4 anamgusa wa b5. Nani anamlinda b5? Askari wa a6. Lakini a6 akila b5, mstari wa a unafunguka, na ngome yangu ya a8 haina mlinzi, kwa sababu askofu wa c8 amemzibia malkia njia. Kwa hiyo a6 amesimama tu, hawezi kula. b5 haina mlinzi kamwe, inaonekana tu kama inaye. Nilitumia dakika kumi na moja kufika hapo. Kisha 8...Bb7: askofu anatoka, anaitazama e4 kupitia farasi wa c6, na malkia kwa pamoja naye sasa wanailinda ngome.

Mwalimu akaguna, akaweka kikombe chini.

Nimeshindwa, hatua ya 47, ngome kwa ngome, askari wake mmoja zaidi. Nilikuwa sawa mpaka hatua ya 30 hivi, halafu nikaweka ngome mbele ya askari wake badala ya nyuma. Huo ni ugonjwa mwingine, unataka daftari lake.

Nyumbani nimefungua programu: 8...Bb7 ni moja ya hatua mbili kuu hapo, nyingine ni 8...b4. Kesho naanza na hiyo ya pili. Ubao nimeuacha mezani ukiwa na kete za hatua ya nane, nimemwambia mdogo wangu asiuguse.